Masomo ya Mbali Shule Zinapofungwa: Yafaa Kadiri Gani?

Masomo ya darasani kila mmoja wetu anayajua. Mwalimu husimama mbele, ubao u nyuma yake, na mwanafunzi asiyefahamu hunyosha mkono akauliza. Masomo ya mbali ni yale ambayo mwalimu yuko pengine na mwanafunzi yuko pengine, na somo lenyewe husafirishwa kati yao kwa barua, kwa karatasi zilizopigwa chapa, kwa redio, kwa televisheni, kwa simu au kwa intaneti. Katika makala hii nataka kueleza jinsi masomo ya namna hiyo yalivyofaa, na mahali yaliposhindwa, katika nchi mbalimbali wakati shule zilipofungwa.

Huenda mtu akasema kwamba habari hiyo imekwisha pita. Sivyo. Mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa Korona. Lakini Machi 2024 shule za Sudani ya Kusini zilifungwa kwa ajili ya joto kali; Aprili na Mei mwaka huo huo ufunguzi wa shule za Kenya uliahirishwa kwa ajili ya mafuriko; na Januari 2025 vita vilipoingia mjini Goma, watoto wa huko walibaki nyumbani. Wazee husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Zamu ikitufikia tena, itafaa tuwe tumekwisha jua ni njia ipi humfikia mtoto na ni ipi huishia njiani.

MZIGO ULIOFIKA

Sisi wa huku Ntalikwa tunakaa katika nchi ya njia ya zamani ya misafara, kwa hiyo twaweza kulifahamu jambo hili upesi kuliko wengine. Zamani habari zote za pwani zilifika Unyamwezi kwa miguu ya wapagazi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, nao walifika Kaze, mahali panapoitwa Tabora leo, tarehe 7 Novemba. Stanley alipomkuta Livingstone kule Ujiji mwaka 1871, alimkabidhi mfuko wa barua uliokuwa umefungwa Unguja tangu Novemba 1870. Mwaka uliofuata Livingstone huyo huyo alikaa Kwihara, jirani na mji wetu, tangu Machi hadi Agosti akingoja watu na vifaa kutoka pwani. Mahali pa nyumba aliyokaa pana makumbusho leo.

Wenye misafara walijua kanuni moja. Mzigo hauhesabiwi ule uliotoka Bagamoyo, bali ule uliofika Tabora. Na masomo ya mbali ni hivyo hivyo. Serikali yaweza kutangaza kwamba vipindi mia vimerushwa hewani, na ikawa kweli. Lakini swali la mzazi ni moja tu: Je, mtoto wangu amepata vingapi, na amefahamu nini?

KAZI HII ILIANZA ZAMANI

Masomo ya mbali hayakuanza na intaneti. Katika nchi ya Australia wako watoto wanaokaa katika mashamba ya mifugo yaliyo mbali sana na mji. Mwaka 1951 mji wa Alice Springs ulianzisha shule ya hewani kwa kutumia mitambo ya redio ya madaktari wanaosafiri kwa ndege. Jambo la kuangalia ni kwamba redio zile zilikuwa za kupokea na kupeleka sauti. Mtoto aliweza kumjibu mwalimu, na mwalimu akasikia.

Hapa Tanzania tunao mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, wengi wao wakulima vijijini, walijifunza habari za malaria, maji safi na vyoo. Lakini hawakusikiliza redio kila mtu peke yake. Walikaa katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyefundishwa kazi yake na kitabu kilichopigwa chapa. Redio ikisha sema, kiongozi alisoma kitabuni, watu wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba choo. Kwa hiyo kampeni ile ilikuwa na vitu vitatu pamoja: sauti, karatasi na mtu. Mfano huo nitaurudia huko mbele.

Kadhalika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewasomesha maelfu ya watu wasiokaa chuoni. Lakini hao ni watu wazima waliojichagulia wenyewe. Mtoto wa darasa la pili ambaye bado anatafuta tofauti ya b na d ni habari nyingine kabisa.

MWAKA 2020

Aprili 2020 shule zilikuwa zimefungwa katika nchi zaidi ya 190, na wanafunzi kama bilioni moja na nusu walikuwa nyumbani. Tangu dunia iumbwe jambo kama hilo halijapata kutokea. Agosti mwaka ule Shirika la Umoja wa Mataifa la Watoto, UNICEF, lilitoa hesabu kwamba watoto wasiopungua milioni 463, yaani theluthi moja ya wanafunzi wa dunia, hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali kwa njia yo yote, iwe redio, televisheni wala intaneti.

Hapa kwetu Tanzania shule zilifungwa tarehe 17 Machi 2020. Kidato cha sita na vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na wengine wote tarehe 29 Juni. Katika muda huo wa miezi mitatu na nusu hivi, Taasisi ya Elimu Tanzania iliandaa vipindi vya masomo vikarushwa kwa redio na televisheni.

Mimi wakati huo nilikuwa darasa la sita kijijini. Nyumbani kulikuwa na redio moja ya betri, nayo ilikuwa ya babu. Betri zikiisha ilitupasa kungoja siku ya mnada. Siku nilipopata kipindi cha hisabati, nilifahamu vizuri mpaka sehemu ya desimali. Hapo mwalimu wa redio alikwenda mbele, nami nikabaki nyuma, kwa maana redio haina mkono wa kunyoshewa. Binamu yangu aliyekuwa Dar es Salaam alipata kazi kila siku kwa simu ya baba yake, na mwalimu aliisahihisha jioni. Sote wawili tulikuwa darasa la sita, na nchi ni moja.

Tuliporudi shule, msichana mmoja wa darasa letu hakurudi. Alikuwa amekwisha olewa. Watu wakizungumza juu ya masomo ya mbali hutaja desimali na sarufi, lakini hilo ndilo hasara kubwa kuliko zote, kwa sababu desimali hufundishwa tena wiki moja ikatosha. Novemba 2021 serikali yetu ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa kupata watoto wataruhusiwa kurudi, na hilo ni jambo jema. Walakini ni rahisi zaidi kumshika mtoto kabla hajatoka kuliko kumtafuta akisha toka.

MAJIRANI ZETU

Majirani zetu walikaa nyumbani muda mrefu kuliko sisi. Kenya ilifunga shule katikati ya Machi 2020. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalirushwa kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Julai 2020 hata maputo makubwa ya kampuni ya Loon yalipandishwa juu angani ili kuleta intaneti sehemu zisizo na minara. Lilikuwa jambo la kustaajabisha, lakini puto lililo juu halimfai mtoto asiye na simu huku chini, na Januari 2021 kampuni ile ilitangaza kwamba inafunga kazi.

Uganda ndiyo iliyokaa muda mrefu kuliko nchi zote za dunia. Shule zilifungwa Machi 2020, baadhi ya madarasa yakarudi kwa zamu, zikafungwa tena Juni 2021, na hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Wako watoto waliokuwa hawajaingia darasani karibu miaka miwili. Serikali ilipiga chapa vitabu vya kujisomea na masomo yakasomwa redioni. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kidogo. Watu wa Uwezo, ambao huwapima watoto nyumbani kwao, walikuta mwaka 2021 kwamba watoto wasioweza kutambua hata herufi walikuwa wameongezeka karibu mara mbili kuliko mwaka 2018. Lakini wakati huo huo watoto walioweza kusoma hadithi na kuifahamu nao waliongezeka. Twafahamuje hivyo? Naona maana yake ni hii: mtoto aliyekwisha jua kusoma, na mwenye mtu wa kumsaidia nyumbani, aliendelea kwa vitabu vile, na mtoto asiyejua kusoma hakuwa na la kufanya na kitabu. Basi mwenye nacho aliongezewa, na asiye nacho alipungukiwa.

Rwanda ilitumia redio na ikafungua shule hatua kwa hatua tangu Novemba 2020. Kongo, Radio Okapi ya Umoja wa Mataifa ilirusha masomo. Burundi haikufunga shule zake kabisa.

NCHI ZA MBALI

Msomaji ataweza kudhani kwamba shida ilikuwa umaskini tu, na kwamba tungalikuwa na intaneti kila nyumba mambo yangalikwenda sawa. Habari za Uholanzi zinakanusha dhana hiyo. Karibu kila nyumba ya Waholanzi ina intaneti. Shule zao zilifungwa wiki nane tu. Lakini wataalamu walipolinganisha mitihani ya watoto wapatao 350,000 wa shule za msingi kabla na baada ya kufungwa, waliona kwamba watoto walipoteza sehemu moja ya tano ya masomo ya mwaka, yaani kadiri ile ile ya muda waliokaa nyumbani. Kwa maneno mengine, wakiwa nyumbani walijifunza kidogo sana, au hawakujifunza kitu. Na kwa watoto wa wazazi wenye elimu ndogo hasara ilizidi hata kufikia 60 kwa mia zaidi ya wengine.

Katika jimbo la São Paulo, Brazili, wanafunzi wa sekondari waliosoma kwa mbali walipata kati ya 27 na 28 kwa mia ya yale ambayo wangaliyapata darasani, na hatari ya kuacha shule iliongezeka mara nyingi. Uswidi haikuzifunga shule za watoto wadogo. Na watoto wake wa darasa la kwanza hadi la tatu walipopimwa kusoma, hawakuonekana wamerudi nyuma.

Lakini iko nchi moja ya Afrika iliyoleta habari njema, nayo ni Botswana. Huko walijaribu njia mbili kwa familia kama 4,500. Familia nyingine zilipelekewa kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye maswali ya hisabati. Nyingine zilipelekewa ujumbe huo huo, na juu yake mwalimu akawapigia simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20 hivi, akazungumza na mzazi na mtoto pamoja. Waliopata ujumbe peke yake hawakuendelea kwa kadiri ya kuonekana. Waliopigiwa simu waliendelea. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa katika nchi nyingine tano, Kenya na Uganda zikiwamo, na ikafaa tena. Angalieni kwamba simu zilizotumika hazikuhitaji kuwa za bei kubwa, wala bando. Ilitosha simu ndogo ya kitochi ambayo wazazi wetu wengi wanayo.

Mfano mwingine ni Sierra Leone. Nchi hiyo ilifunga shule mwaka 2014 kwa ajili ya Ebola, ikazifungua tarehe 14 Aprili 2015, na katikati masomo yakasomwa redioni. Kwa hiyo mwaka 2020 ilipobidi kufunga tena, watu walikuwa wamekwisha jua kazi, na redio ilianza upesi.

SABABU ZENYEWE

Tukiziweka habari hizi zote pamoja, twaona mambo manne.

Kwanza, chombo lazima kiwe kile ambacho watu wanacho. Televisheni haifai pasipo umeme, na intaneti haifai kwa mzazi ambaye fedha ya bando ni fedha ya mboga. Redio na simu ndogo hufika mbali zaidi.

Pili, somo linalokwenda upande mmoja tu ni dhaifu. Pale mtoto alipoweza kujibu, kama Alice Springs na Botswana, masomo yalishika. Pale aliposikiliza tu, mengi yalipita kama upepo.

Tatu, umri ni kitu kikubwa. Mtu mzima na mwanafunzi wa kidato cha sita waweza kujiongoza. Mtoto mdogo hawezi, sharti awe na mtu karibu yake. Na iwapo mtu huyo hajui kusoma, au yuko shambani tangu alfajiri katika msimu wa tumbaku, hatuna haki ya kumlaumu.

Nne, shule si masomo tu. Ni mahali ambapo mtoto huonekana kila siku. Jina lake huitwa, na asipoitika mwalimu huuliza yuko wapi. Redio haiiti majina. Ndiyo maana wengi walipotea bila mtu kujua.

Kwa ajili hiyo jibu langu kwa swali la kichwa cha makala ni hili: masomo ya mbali hayawezi kushika mahali pa shule, hata katika nchi tajiri, lakini yakipangwa vizuri huzuia mtoto asianguke mbali sana, na aweza kuinuka upesi shule zikifunguliwa. Si kitu kidogo hicho. Ni afadhali nusu shari kuliko shari kamili.

YATUPASAYO KUFANYA

Huku kwetu twaweza kujitayarisha kwa vitu tulivyo navyo. Nasema haya kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi tu, na walimu wetu wanajua zaidi.

Walimu wa kila somo waweza kutayarisha karatasi chache za mazoezi, zenye mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, zikawekwa ofisini tayari. Shule ikifungwa ghafula, kila mwanafunzi ataondoka nazo. Gharama yake ni rimu chache na wino.

Wazazi waweza kukubali kwamba saa moja kwa siku redio ni ya shule, na simu yao iwe wazi kwa mwalimu mara moja kwa wiki. Sisi wa bweni hatukai na simu shuleni, kwa hiyo mwalimu atatupata kwa simu ya mzazi tu. Naomba pia, hasa kwa niaba ya dada zetu, kwamba shule ikifungwa isihesabiwe kuwa imekwisha. Binti aliye likizo bado ni mwanafunzi.

Na sisi wanafunzi tunayo kazi kubwa kuliko tunavyodhani. Katika kampeni ya Mtu ni Afya kila kikundi kilikuwa na kiongozi. Kijiji cho chote chenye mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu au cha nne kina kiongozi tayari. Anaweza kukusanya watoto kumi chini ya mwembe, wakasikiliza kipindi pamoja, kisha akawauliza: Nani hakufahamu? Hapo redio itakuwa imepata mkono wa kunyoshewa. Nasi wenyewe tutafaidika, maana mtu hajui kwamba anajua desimali mpaka amfundishe mwenziwe.

Mwisho, shule zikifunguliwa tusianze pale ambapo kalenda inasema, bali pale ambapo watoto wapo. Jaribio fupi la siku ya kwanza litaonyesha aliyebaki nyuma. Na majina yaitwe, na asiyeitika afuatwe nyumbani siku ile ile.

Kazi ya kwanza twaweza kuianza muhula huu, kabla ya likizo. Kiranja wa kila darasa na aandike katika daftari moja jina la kila mwanafunzi, kijiji chake, simu ya mzazi au ya jirani, na kama nyumbani kuna redio. Daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu wa darasa. Siku shule zitakapofungwa, mwalimu atajua njia ya kumfikia kila mmoja wetu, na siku zitakapofunguliwa, atajua ni nani hajafika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne